Breki ya Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kabati, Fundi Mkuu alinipa spana moja na baiskeli mbovu, akasema, "Usiniulize kitu kabla hujafungua." Nilifungua. Kuirudisha ndiko kulikonichukua wiki nzima. Baadaye alinituma Makindu kusimamia duka letu la pili, na kusema kweli, kutoka hapo hadi Kibwezi hakukuwa na fundi wa kunishinda. Najisifu mwenyewe kwa sababu aliyekuwa akinisifu ameshakufa.

Miaka ya sabini vijana walishikwa na homa ya mashindano. Kila mmoja alitaka usukani wake ulionyooka ung'olewe, awekewe ule uliopinda chini, tuliouita pembe za kondoo. Watu hudhani ni kubadilisha chuma kwa chuma tu. Thubutu! Baiskeli zetu zilikuwa na breki za fito, vyuma vinavyoshuka kutoka usukani hadi gurudumu, na fito haikubali kufuata pembe. Unaweka breki za waya. Breki za waya nazo hazishiki vizuri rimu za zamani zenye mgongo wa mviringo, kwa hiyo na rimu unabadilisha. Mwisho unazungushia usukani vipande vya tyubu kuukuu ili mkono usiteleze.

Mwalimu Kioko alikuwa wa kwanza kuniletea yake. Wakati huo alikuwa ameshapeleka mbuzi wa posa kwa kina Mwende. Nilimshushia usukani mpaka kidevu kikakaribia tairi, nikajipongeza. Wiki iliyofuata alirudi akiikokota.

"Fundi, umenimaliza! Nimepita baba ya Mwende kwa barabara bila kumsalimia. Sikumuona, naona tu tairi! Sasa anasema nikuje nichukue mbuzi zangu, hawezi patia msichana wake mtu hana salamu."

Nilisikia aibu. Nilikuwa nimempima mikono na mgongo, nikasahau kumpima macho.

Nikachukua zile fito zake za zamani, nikakata vipande viwili, nikavikunja na kuviunga kwenye vishikio vya breki, vikapita chini ya sehemu ya juu ya usukani. Sasa aliweza kuketi wima, aone watu, na bado afunge breki.

Nilimsindikiza kwa mzee. Kioko alifunga breki langoni, akashuka, akasalimia kwa mikono miwili. Mzee aliizunguka baiskeli, akabonyeza kile chuma.

"Na hii ni ya nini?"

"Ni ya kukusalimia wewe, mzee," nikajibu.

Alicheka mpaka akashika mti wa lango. "Basi mbuzi zikae."

Nimestaafu sasa, na vijana wana breki nisizozijua hata jina. Sioni wivu. Mwalimu Kioko naye anatembea kwa mkongojo. Kila asubuhi akifika langoni kwangu husimama, hunyoosha mkono mbele, hubonyeza hewa kwa vidole viwili, ndipo anisalimie.