Siku Scholastika Alipovishwa

Kazi ya Scholastika ni kuvisha watu. Duka la Mehjabin liko mtaa wa nyuma ya soko kuu la Morogoro, lina masanamu mawili yasiyo na vichwa dirishani, na nyuma ya pazia la kijani ndipo Scholastika anaposimama kutwa na pini mdomoni. Maharusi wa kila namna wamepita mikononi mwake. Wapo waliokuja wakicheka na mashoga zao, na mmoja mmoja alikuja na macho mekundu akahitaji kuachwa kidogo peke yake kabla ya kufungwa vifungo vya mgongoni. Scholastika haulizi. Anasubiri, kisha anasema, "Nyoosha mgongo, mwanangu," na kazi inaendelea.

Yeye mwenyewe aliolewa kwa gauni la kuazima, na mumewe alikufa kabla hawajapata mtoto. Watu wa mjini wanapomwonea huruma humwonea kwa hilo. Hawajui lingine.

Kwao ni Matombo, kijiji cha juu, ng'ambo ya mto. Baba yake alikuwa katekista, mtu mpole kwa mambo yote isipokuwa ngoma. Scholastika alipovunja ungo, badala ya kuwekwa ndani kama wenzake, alifungiwa nguo zake kwenye sanduku la bati akapelekwa shule ya bweni ya masista. Alisoma vizuri. Likizo alirudi akakuta wasichana aliocheza nao rede wamekwisha kufundwa, wamechezwa, wametolewa mabegani mbele ya watu, na wana namna ya kutazamana ambayo yeye hakuijua. Baba alikufa mapema. Zamu ya Ester, mdogo wake, ilipofika, mama na wajomba walifanya walivyojua wao, na Ester akachezwa siku tatu.

Basi Scholastika akabaki mwanamke ambaye hakuchezwa. Huko kwao mwanamke wa namna hiyo haingii ndani kwa mwali, hata awe na mvi. Kila ukoo ulipotoa mwali yeye alikaa nje na wapishi, akimenya ndizi, akisikia sauti za wenzake nyuma ya mlango uliofungwa. Alishazoea, au alidhani ameshazoea.

Mwaka huu mwali alikuwa Faraja, mtoto wa Ester. Ester alikuwa amefariki, na kwa Waluguru mtoto ni wa tumbo la mama yake. Mama akiondoka, mama mkubwa ndiye mama. Katika ukoo wao, nguo ya kutokea hufungwa kiunoni mwa mwali na mama yake asubuhi ya kutolewa, ndani, kabla mlango haujafunguliwa. Tumbo la mama yao sasa lilikuwa na Scholastika peke yake. Alimpigia simu Bibi Perpetua, kungwi mkuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakuja?"

"Nakuja, bibi. Nilitaka kuuliza habari ya nguo ya Faraja."

"Nguo ipo."

"Nani atamfunga?"

Upande wa pili kulikuwa na kuku na mtoto anayelia. "Atafunga Joyce wa kwa mjomba wako," Bibi Perpetua akasema mwishowe. "Wewe utakuwa nje, mwanangu. Unajua mwenyewe. Uje na kisu kizuri, ndizi ni nyingi."

Scholastika alishukuru, akakata simu, akarudi nyuma ya pazia kumalizia pindo la mtu.

Wiki hiyohiyo Mehjabin alikuwa na jambo lake. Alikwenda Guangzhou kununua mashela, kama kawaida yake, akarudi na sanduku la mavazi ya kale ya Kichina. Alisimulia kwamba huko wasichana wanasafiri kwenda milimani na kwenye mahekalu wakiwa wamevaa walivyovaa mabibi wa mabibi zao, wanapigwa picha, wanavua, wanarudi kazini. Wachina wanaofanya kazi za barabara na reli wanatembelewa na ndugu, akasema, na vijana wa Dar nao hawakosi kitu kipya. Uluguru ina maporomoko ya maji na ukungu. Kilichobaki ni picha za kutangazia.

"Dada Schola, kwenu si kuna maporomoko?"

"Yapo."

"Ijumaa basi."

Ijumaa ilikuwa mkesha wa kutolewa Faraja. Scholastika hakupinga. Angekuwa karibu na nyumbani, na kesho yake asingehitaji kutafuta usafiri.

Walikwenda wanne katika gari la Mehjabin: Mehjabin kwenye usukani, Mwinjuma mpiga picha kando yake, na nyuma Scholastika na Upendo, msichana wa chuo aliyekodiwa kuvaa. Kabla ya Mkuyuni Upendo aliacha kuongea. Baada ya Mkuyuni, barabara ilipoanza kupinda na kurusha mawe, alianza kutapika, na walipofika mwisho wa njia ya gari, karibu na mto, alikuwa amelala kiti cha nyuma na kanga ya Scholastika usoni, akiomba aachwe afe.

"Hufi," Mehjabin akamwambia. "Utakunywa soda utapona." Kisha akamgeukia Scholastika, akamtazama kwa jicho la biashara kuanzia kichwani hadi miguuni. "Vaa wewe."

"Mimi? Na huu mwili?"

"Nguo hizi hazina saizi. Ni za kufunga."

"Mehjabin, mimi mtu mzima."

"Na wateja wangu si watoto. Mama wa Kichina akija kumtembelea mwanawe atavaa nini, gunia?"

Mwinjuma alikuwa akifuta kioo cha kamera. "Vaa, shangazi," akasema. "Ukikataa atanivisha mimi, na mimi nina ndevu."

Wakatandika mkeka nyuma ya migomba. Mehjabin alifungua sanduku, na hapo ndipo Scholastika alipogundua kwamba hajui aweke wapi mikono yake. Ilizoea kushika pini. Sasa iliambiwa ikae mbali na mwili, kama mabawa, huku mtu mwingine akizunguka. Kwanza likaja vazi jembamba jeupe la ndani, upande wa kushoto ukilazwa juu ya wa kulia. Mehjabin alikosea akafumua akaanza upya, kwa sababu mwenye duka la Guangzhou alimwonya kwamba kinyume chake ni vazi la maiti. Ikaja sketi nyekundu iliyofungwa juu kabisa, chini ya makwapa, ikaanguka mpaka kwenye nyasi. Halafu joho la hariri lenye mikono mipana kama mifuko ya kuvunia. Halafu mshipi, uliozungushwa na kuzungushwa.

"Vuta pumzi," Mehjabin akasema. "Basi. Ulegeze bega. Mbona umekakamaa hivyo, wewe si ndiye unayewaambia wenzio wanyooke?"

Scholastika akalegeza bega. Miaka yote hiyo hakuna aliyemfunga nguo tangu mama yake, na mama yake alimfunga sare ya shule.

Mehjabin akampaka poda nyeupe usoni mpaka shingoni, akamwekea kichwani taji la nywele za bandia lenye maua na vishada vya shanga. Lilikuwa zito. Akiinua uso lilirudi nyuma, akiinamisha lilitulia. Kwa hiyo aliinamisha.

Maporomoko yalikuwa ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ulikuwa wa kufika magotini, lakini hariri haikuletwa kutoka China ije ilowe maji ya Matombo. Mehjabin alifikiri kidogo, akatoa amri. Mwinjuma alikunja suruali, akachuchumaa, akamtwaa Scholastika mabegani.

"Shangazi, kumbe ndizi mnazila kweli huku."

"Tembea, wewe."

"Natembea. Nikizama mwambieni mke wangu nilikufa nimebeba malkia."

Mehjabin alifuata nyuma, amemfungulia juu ya kichwa mwavuli mwekundu wa karatasi. Wakaingia majini.

Sasa, njia ile ya mtoni ndiyo wanayopita wanawake wa kijiji kuteka maji, na siku hiyo maji yalihitajika mengi. Walikuwa wakishuka mteremko na ndoo, sita au saba, na nyuma yao Bibi Perpetua na fimbo yake, aliyekuja kuona kama wanateka au wanapiga soga. Ilikuwa msimu wa likizo, na vitongoji vya jirani navyo vilikuwa na mwali wa kutoa. Wanawake wakatazama chini. Wakaona mtu amebebwa mabegani, nguo nyekundu zinaning'inia, uso umepakwa unga mweupe, macho yako chini, mwavuli juu yake na mwanamke nyuma akimsindikiza. Ungekuwa wewe ni wa huko ungefikiri nini?

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Joyce. Wengine wakadakia. Ndoo zikatuliwa, kanga zikavuliwa mabegani zikapeperushwa hewani, na wimbo ukaanza, ule wa kupokea mwali anayevuka maji. Scholastika aliusikia ukimjia kutoka mbele. Siku zote aliusikia ukienda kwa mtu mwingine.

"Hii nini?" Mwinjuma akanong'ona. "Nisimame?"

"Usisimame," Mehjabin akasema, maana alidhani ndivyo wageni wanavyokaribishwa, na alikuwa amefurahi sana.

Wakatoka majini. Wanawake wakawazunguka wakiimba, mmoja akamtandikia Scholastika kanga yake magotini, mwingine akamfutia matone miguuni. Wimbo ulipopungua, Bibi Perpetua, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akasogea.

"Mwali wa nani huyu?"

Neno moja lingetosha. Scholastika alilijua, alikuwa nalo ulimini: ni mimi, bibi, tunapiga picha tu. Wangecheka, wangeshika ndoo zao. Lakini mwali haulizwi yeye na mwali hajibu. Hata yeye aliyekuwa nje miaka yote alilijua hilo. Akanyamaza. Shanga za taji zilikuwa zikitikisika na hakuweza kuzizuia.

Mwinjuma akainama chini ya mzigo wake, na Bibi Perpetua akainua mkono, akamshika Scholastika kidevu, akakiinua. Kidole gumba chake kikafuta poda kidogo shavuni, na chini yake pakatokea weusi na unyevu.

"Ni wa katekista," akasema.

Joyce akaanza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa, na wote wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Schola! Ndiyo umekuwa Mchina?"

"Bibi, tumemwimbia mtu mzima," mwingine akasema. "Tumemwimbia mama mkubwa wa mwali!"

"Ni mchezo wa picha, bibi," Joyce akasema akijifuta macho, akionyesha kamera iliyoning'inia kifuani mwa Mwinjuma. "Tuuhesabu kuwa si kitu."

"Uliona mchezo wakati unapiga kigelegele?" Bibi Perpetua akamuuliza. Joyce akatazama ndoo yake. "Mimi sikuona mchezo. Niliona mwali amevushwa maji, nikaimba. Utawaambia nini waliosikia huko juu? Kwamba kungwi wenu haoni?"

Hakuna aliyetaka kusema hivyo.

"Mteremshe," bibi akamwambia Mwinjuma, na Mwinjuma akachuchumaa kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi. Scholastika akasimama kwenye mchanga, ameshika sketi.

"Kwa nini hukusema?" Bibi Perpetua akamuuliza, polepole, kwa Kiluguru.

"Sikutaka muache kuimba, bibi."

Yule bibi akatafuna mdomo wake usio na meno mengi. Wanawake hawakucheka tena. "Baba yako aliniambia nikikugusa ataniondoa kwenye komunyo," akasema. "Nikaogopa. Mama yako alilia, nami nikaogopa." Akaelekea mteremko, akageuka. "Kesho alfajiri uje ndani. Hutakaa na makungwi. Utakaa chini, na mwali, kama mwali, na utasikia kwanza yale anayosikia mtoto. Hujui kitu."

"Na nguo ya Faraja?"

"Joyce atafunga. Wewe utashika ncha moja."

Scholastika alitaka kusema kwamba nguo ni yake, kwamba tumbo ni moja. Alimtazama Joyce, na Joyce, ambaye hakuwahi kuomba kazi hiyo, alimwinulia mabega.

"Nitashika ncha," akasema.

Picha zilipigwa. Mehjabin alilalamika kutwa: inua uso, Dada Schola, tazama huku, fikiria uko kwenye hekalu. Hakuna picha hata moja ambayo Scholastika ametazama kamera. Moja iko dirishani dukani sasa, kati ya masanamu mawili, naye yuko kando ya maporomoko amevaa nyekundu, ameinama, na wateja huuliza huyo ni Mchina wa wapi. Upendo aliimaliza safari ya kurudi kwa kulala; Scholastika alibaki kijijini.

Alfajiri ya kesho yake mtu alimfungulia Scholastika mlango wa nyumba ya udongo na kuufunga nyuma yake. Ndani palinuka mafuta ya nyonyo na moshi. Faraja alikuwa mkekani, mweupe kwa kukaa ndani, miguu imenyooshwa, na alipoona ni nani anayeketi ubavuni pake na kunyoosha miguu sambamba na yake, akasahau mafundisho yote.

"Mama mkubwa? Na wewe?"

Makungwi wakaguna. Scholastika hakujibu. Goti lilimuuma, nyonga ilimuuma, na alihisi bega la mtoto likimsogelea kidogokidogo, mpaka likamgusa.

"Vichwa chini," Bibi Perpetua akasema, "wote wawili." Akaanza kuwafunda.