Skrini Niliyoibandika Utepe

Naikumbuka bado siku ya Mama Amisa na mdogo wake, mwanangu, na nikuambie mapema kwamba leo sitaisimulia kwa upole. Nimeshasema kwa upole mara mbili, hukusikia. Kaa.

Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Usicheke, kwa ujinga nilikuwa bado kijana. Kaka yangu alikuwa amenitumia kutoka Ulaya kamera hii hii unayobeba sasa, ambayo huangalii kupitia lensi bali kupitia tundu dogo la pembeni. Unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha pete ya lensi mpaka zikutane, unabonyeza. Papa yangu, yaani babu yako, alipiga foto hivyo hapa Kalemie maisha yake yote, kwa kamera ya filamu. Na mimi nikataka nionekane fundi kama yeye. Lakini kamera yangu ilikuwa na skrini nyuma, inayoonyesha kile ambacho lensi yenyewe inaona, na ukitaka inakuza jicho la mtu mpaka linajaa skrini nzima. Unajua nilifanya nini? Niliibandika utepe mweusi. Nilikuwa nawaambia watu kwamba skrini ni ya wanaojifunza.

Siku moja nikarudi kutoka Niemba kwa pikipiki, kamera ndani ya mfuko, inagongagonga njia nzima. Sikuijaribu. Kesho yake asubuhi Mama Amisa, jirani yetu, akaniita. Mdogo wake, Mama Salima, alikimbilia Kigoma wakati wa vita akabaki hukohuko, na walikuwa hawajaonana tangu watoto wao wakiwa wadogo. Alikuja kwa siku tatu tu, na mchana ule boti ilikuwa inamrudisha. Walitaka foto moja ya pamoja.

Wakakaa kwenye baraza, kivulini, ukuta nyuma yao. Mama Amisa akamvuta mdogo wake kitambaa cha kichwa, kwa utani, na Mama Salima akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikaangalia kwenye tundu, sura zikakutana sawasawa, nikapiga. Nikapiga nyingine nne. Nikaenda zangu nikijisifu.

Nilipozifungua kwenye kompyuta, boti ilikuwa imeshaondoka. Ukuta ulitoka safi. Ungeweza kuhesabu nyufa zake. Nyuso za wale mama wawili zilikuwa ukungu. Foto zote tano.

Papa akaja akasimama nyuma yangu. Akaangalia, akaichukua kamera, akauona ule utepe.

"Hii ni nini?"

"Papa, mimi napiga kama wewe."

"Kama mimi?" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Mimi nilipiga vile kwa kukosa, siyo kwa kupenda! Nilikuwa nangojea filamu itoke kwenye dawa, roho juu, sijui kama nimemupata muntu ao nimemukosa. Wewe unaonyeshwa palepale, halafu unafunika? Hiyo njo heshima gani?"

Akaubandua utepe kwa kucha. Akakilenga kikombe kilichokuwa mezani, sura mbili zikakutana kwenye tundu, kisha akawasha skrini akakuza. Kikombe kilikuwa ukungu mtupu. Ile pikipiki ilikuwa imelipotosha tundu kidogo sana, na tundu lenyewe halikuniambia kitu. Haliwezi. Lenyewe linaangalia kwa njia yake, lensi kwa njia yake.

Nikampelekea Mama Amisa foto, maana uongo nisingeuweza. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Ukuta umetoka muzuri," akasema. "Salima iko wapi?"

Akanirudishia, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata Mama Salima akaja tena, amepona ugonjwa mkubwa, amekonda, anatembea kwa fimbo. Nikaenda bila kuitwa. Nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikawasha skrini, nikakuza mpaka nikaziona kope za Mama Salima, nikazungusha pete taratibu. Foto ikatoka safi kabisa. Mama Amisa akaitundika sebuleni, akanishukuru. Kisha akasema, bila hasira, "Ni nzuri. Ila hapa mudogo wangu hacheki."

Sasa wewe, jana, umerudi na foto za ubatizo, mtoto mzima ukungu, na unaniambia eti skrini inakuchelewesha! Inakuchelewesha kwenda wapi? Mtu akiwa anakimbia, au sokoni watu wanapopishana, sawa, tumia tundu, lina wepesi wake. Lakini mtu akikaa mbele yako, au mwanga ukiwa hafifu, washa skrini, kuza mpaka kwenye jicho, ndipo upige. Na mfuko ukigongwa njiani, pima tundu na skrini kabla ya kumwita mtu yeyote akae. Vikipishana, amini skrini. Ukishapiga, angalia tena wakati watu bado wamekaa, usisubiri wafike kwao. Hakuna anayekudharau kwa kuhakikisha. Wanakudharau kwa ukungu.

Nimemaliza, na sitaki kusema mara ya nne. Mungu akutunzie macho na mikono, mwanangu, akupe subira ambayo mimi niliichelewa, na kila anayekaa mbele yako akukute ukiwa tayari. Amina.