Mashine Sita za Kaka Yangu

Shule niliiachia darasa la sita, na sioni haya kusema. Wale waliosoma mpaka mwisho hunipigia simu mota zao zikiungua. Simama barabarani pale Otonglo uulize fundi wa kufunga upya nyaya za mota ni nani. Utaelekezwa kwangu hata na mtu anayenichukia. Karakana ni yangu, ploti ni yangu, pikapu mbili ni zangu. Sikurithi hata spana.

Lakini mota ya kwanza niliyoifungua maishani nililetewa na kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa mwangalizi wa mashine katika kituo cha maji taka, kule chini karibu na ziwa. Mota ilikuwa imeungua, imetupwa nyuma ya stoo. Akaiomba, akapewa, akaibeba kwa baiskeli mpaka nyumbani, akaitua miguuni pangu. "Omera," akaniambia, yaani ndugu yangu kwa lugha ya kwetu, "hii imekufa. Ukiifufua, hutalala njaa." Niliifufua, ingawa kabla ya hapo niliiua tena mara kadhaa.

Asiyejua kituo cha maji taka hudhani ni shimo la uchafu tu. Sivyo. Maji ya vyoo vya mji huingia kwenye bwawa kubwa la zege, na humo mna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuula huo uchafu. Nao wanapumua kama sisi. Kwa hiyo juu ya bwawa kuna mashine zenye makasia ya chuma, zinayachapa maji mpaka yanatoa povu, hewa iingie. Za kaka zilikuwa sita. Zikiunguruma zote, mlikuwa mnaongea kwa mikono. Aliziwasha zote, mchana na usiku, jua na mvua. Moja ikinyamaza tu, wakazi wa nje ya ua walimpigia simu: "Mzee, leo vipi? Mnatumwagia ziwani?" Alizipenda sana simu hizo. Akija kula kwangu alinisimulia moja moja, na kila aliyepiga alimwigiza sauti yake.

Shida ilikuwa stima, yaani umeme. Mji ukilala, vyoo havitumiki, uchafu unaoingia ni kidogo, lakini mashine zinachapa maji vilevile kama saa mbili asubuhi. Ni kama kupikia arusi nzima chakula wakati wageni ni wawili. Bili ikapanda mpaka ofisi ikasema wazi: ishuke, la sivyo mashine zizimwe nusu ya siku. Na zikizimwa, wadudu wanakufa, maji yanaingia ziwani jinsi yalivyotoka chooni, palepale ambapo akina mama wanaanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Injinia wa kituo, mama mmoja mwenye akili na asiye na madharau, alikuja mwenyewe karakana kwangu. Hesabu alikuwa ameshazipiga. Alitaka kihisi cha kupima hewa ndani ya maji, na kisanduku cha kupunguza mwendo kwa kila mota, ili makasia yazunguke kadiri wadudu wanavyohitaji, basi. Hesabu zilikuwa zake, mikono ikawa yangu. Katika mji huu sijui mwingine ambaye angefunga visanduku sita kwenye mota kuukuu namna ile bila kuunguza hata moja. Mimi sikuunguza.

Wakati huo kaka alikuwa amelazwa hospitali hapo mjini, figo zimechoka. Nilikwenda kumpa habari, na shemeji, mke wake, alikuwa amekaa kitandani upande wa miguu.

"Sasa zinazunguka polepole," nikamwambia. "Unaweza kusimama kando ya bwawa ukaongea na simu."

Akanikazia macho. "Omera, umezipa dawa ya usingizi?"

"Zinafanya kazi ileile."

"Kazi gani hiyo haisikiki?" Akacheka, kicheko kikamletea kikohozi. Kilipopoa akamgeukia mkewe. "Mama, sikiliza. Siku mkinirudisha nyumbani, mnipitishe pale. Umwambie huyu fundi wako aziamshe. Zote. Nisipite kama mwizi."

Tulicheka wote watatu.

Alikufa kabla majaribio ya visanduku hayajamaliza mwezi. Matanga yalikuwa nyumbani, ndani ya Kombewa, na maiti ingetoka mochari ya mjini. Shemeji akanipigia simu.

"Shem, tutapita kituoni. Unakumbuka alivyosema."

"Nakumbuka."

"Zote sita."

Nikaanza kupiga hesabu ya stima kichwani.

"Shem?"

"Nitaona."

"Hakuna kuona. Si wewe ndiye unazijua?"

Kwetu mtu hasindikizwi kimya. Ng'ombe hukimbizwa, pembe hupigwa, watu hupaza sauti mpaka kifo chenyewe kione aibu kikimbie. Alichoomba kaka hakikuwa kitu kikubwa. Lakini mita ya kituo kikubwa si kama ya nyumbani. Haihesabu tu stima uliyotumia. Inashika pia ule muda mmoja wa mwezi mliovuta stima nyingi kupita zote, na mnalipishwa kwa huo hata kama siku zilizobaki mlikaa kimya. Kuziamsha sita kwa nguvu zote, hata kwa muda wa kupitisha jeneza, kungefuta kila tulichookoa. Na ofisi ilikuwa inangoja bili ya mwezi huohuo ndipo iamue.

Injinia hakunikataza. Alisema tu, "Baba, pole sana. Mita unaijua." Naijua. Mimi ndiye niliyewaeleza vijana wa zamu maana yake.

Nikakaa kwenye pikapu nikafikiri, na nikapata njia, kwa sababu mimi hukosa njia mara chache. Ningezima tano kabisa. Halafu ile kongwe zaidi, iliyo karibu na ofisi, ningeiachilia kwa nguvu zake zote. Mita isingeona kitu cha ajabu.

Gari la maiti lilifika langoni likiwa limefungwa matawi, magari mengine nyuma yake yakipiga honi. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wamejipanga na gambuti zao. Nilizizima tano, bwawa likatulia. Kisha nikaifungulia ile moja. Ikaunguruma, makasia yakainua maji, povu likaruka mpaka kwenye vyuma vya kushikia. Mzee mmoja wa zamu alivua kofia akaanza kulia kwa sauti.

Shemeji alishuka. Alisimama ameweka mkono juu ya gari, akatazama bwawa upande hadi upande.

"Ni moja tu, shem?"

Nilimsikia vizuri, na hapo ndipo paliponiuma. Zingekuwa zote, nisingemsikia.

"Ni moja, mama."

"Yeye alikuwa na sita."

"Najua."

Hakunigombeza. Alirudi garini, mlango ukafungwa, honi zikaanza tena.

Matangani wako waliosema niliogopa mita kuliko nilivyompenda ndugu yangu. Waseme. Bili ilishuka, kituo kinafanya kazi mpaka leo, na omena wanaanikwa palepale. Kwa upande wa kazi sina wa kuniambia kitu. Kwa upande mwingine sijui nimjibu nani, maana aliyeomba hayupo.

Siku ile msafara uliondoka, mimi nikabaki. Zile tano zisingekaa bila kuzunguka, wadudu wangekosa hewa. Wala zisingewashwa kwa pamoja, maana mota ikiamka huvuta stima kwa pupa kabla ya kutulia. Ni moja, unangoja itulie, halafu nyingine. Vijana wa zamu waliniambia, "Mzee, nenda, tutaziwasha sisi. Huyo ni ndugu yako." Sikuwaamini. Kazi yangu simwachii mtu.

Mke wangu akanipigia simu. Walikuwa wameshafika Otonglo, wamesimamisha magari, mchungaji anauliza mdogo wa marehemu yuko wapi.

"Uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia watangulie, ya tatu haijatulia.