Majembe Yamelala

Bibi aliyenilea alikuwa mgonjwa nilipoondoka kwetu Izigo, Muleba, kurudi shule ya bweni Bukoba. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa shule ya kati, na Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Nilimwomba baba jambo moja tu: bibi akizidiwa, au akituacha, niandikiwe haraka nisikose kumzika. Baba hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na mwinjilisti wetu, kwa Kiswahili cha mahubiri.

Shuleni tulikuwa wasichana wawili tu wa kutoka Muleba, na mwenzangu alikuwa na shangazi mjini aliyemchukua kila Jumapili. Mimi nilibaki na vitanda vitupu. Nilikuwa mpweke, wala sina haja ya kulipamba neno hilo. Ndiyo maana niliyang'ang'ania mashairi.

Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, alianza na tashbihi: hiki ni kama kile. Kisha akatuambia tuiondoe hiyo "kama", tukapata sitiari. Mwisho akaja na kukipa kitu uhai, jambo ambalo leo vitabu vinaliita tashihisi. Mifano yake yote ilikuwa minazi na bahari tusiyoijua. Siku moja akasema amechoka na minazi yake, kila mmoja alete mfano wa kwao.

Jumanne ya wiki hiyo dereva wa lori la kahawa aliniletea barua. "Sisi tupo. Majembe yetu yamelala tangu jana. Mungu akutunze." Niliisoma mara tatu kwa furaha. Majembe yamelala! Kumbe mwinjilisti wetu ni mshairi! Bibi hakutajwa, nami kwa upumbavu wangu nikaona kimya hicho ni dalili ya nafuu.

Kipindi cha ushairi kilikuwa Alhamisi. Nikasimama, nikaisoma sentensi yangu.

"Anayelala ni nani? Mtu!" mwalimu alisema, akiiandika ubaoni. "Hapa kalazwa nani? Jembe! Safi kabisa. Mpigieni makofi."

Alipiga makofi peke yake. Wenzangu, karibu wote Wahaya kama mimi, walikuwa wameinamisha vichwa. Nikasema moyoni, wivu huo.

Tulipotoka darasani, yule mwenzangu wa Muleba alinishika mkono. "Mawe!" alishtuka kwa Kihaya, kama mtu asemaye mama wee. "Mmefiwa na nani?"

Kwetu mtu akifa, jembe haligusi udongo mpaka matanga yaishe. Nililijua hilo tangu utotoni. Niliwahi kuchapwa kwa kupalilia migomba wakati jirani ana msiba, na aliyenichapa ni bibi mwenyewe. Mwinjilisti hakutunga chochote. Alieleza hali ilivyokuwa, kwa namna ambayo mtoto wa Kihaya aliye mbali angeielewa bila kutajiwa kifo.

Nilifika nyumbani Ijumaa. Walinisubiri Jumatano kutwa nzima, wakamzika jua linazama. Kaburi lilikuwa kati ya migomba, udongo wake bado mbichi. Nililia mpaka sauti ikakauka.

"Barua hukuipata?" baba aliniuliza.

Ningemwambia nini? Kwamba niliipata, nikaipeleka darasani nisifiwe?

"Sikuipata," nilisema.

Tangu siku ile baba hakumpa tena yule dereva barua wala mzigo, na walipokutana njiani hakuitikia salamu yake. Nami sikuwahi kumtetea.