Simel Aliyesema Mbili

Kila asubuhi muuguzi wa wodi ya wanaume, katika hospitali moja mjini Karatu, alimuuliza Simel swali lile lile: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako leo ni ngapi? Na kila asubuhi Simel alijibu mbili. Mbili! Mtu kalala na dripu mkononi, magoti yamevimba, midomo imekauka, halafu anasema mbili kana kwamba anaagiza maandazi. Muuguzi akaandika mbili, akampa vidonge vya maumivu madogo, akaenda zake. Utamlaumu? Aliandika alichoambiwa.

Lakini tusimwonee Simel. Alizaliwa Piyaya, kijiji cha wafugaji wa Kimaasai, na selimundu, ugonjwa ule wa chembe za damu kujikunja na kuziba mishipa, mifupa ikauma mpaka mtu akatamani kuivua. Baridi ya machungani ilimwangusha mara tatu, ndipo baba yake, mzee Olais, alipomleta Karatu ajifunze kutengeneza makatambuga, vile viatu vya matairi, kwa sababu ni kazi ya kukaa. Mwaka wa sita huu anakata matairi sokoni, na mkono wake unajulikana. Hata madereva wa watalii wanavaa viatu vyake. Ila kabla ya kuletwa mjini alikuwa ameshatahiriwa pamoja na wenzake wa rika, na siku ile, mbele ya wanaume wote wa boma, hakupepesa jicho. Baba akampa mtamba. Kwao anayetikisika chini ya kisu anawaaibisha waliomzaa, na Simel hakuona kwa nini kitanda cha hospitali kiwe na sheria nyingine.

Alikuwa na mbinu yake. Maumivu yakija, yeye anaondoka. Mwili anauacha pale kitandani, mwenyewe anakwenda kukaa mahali pasipo na kitu, hakuna furaha wala huzuni, ganzi tupu. Alifanya hivyo miaka mingi mpaka mambo mengine nayo yakawa yanampita hivyo hivyo. Mama yake alipofariki alisimama kaburini akitazama watu wakilia, akasubiri zamu yake ya kulia, hakuna kilichokuja. Jambo hilo lilimtisha siku mbili tatu, kisha hata woga nao ukaisha.

Safari hii alilazwa Jumatatu. Daktari alimwambia mbele ya baba yake, bila kuzunguka, kwamba miguu na mgongo watavituliza, lakini kifua kikianza kuuma aseme saa ile ile, maana selimundu ikishika mapafu inaua upesi. Simel akaitikia kwa kichwa. Jumatano alfajiri kifua kikaanza kuuma, upande wa kulia. Muuguzi alipokuja na swali lake, mzee Olais alikuwa ameshafika, ameketi pembeni ya kitanda. Simel akasema mbili. Jamani, mbili tena!

Saa nne akaja Penina. Huyu ni mama wa Kiiraqw, mtaalamu wa mazoezi tiba, aliyepata mafunzo ya yoga ya taratibu kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Wodi nzima ilimtania kwamba yoga ni ya wazungu wa loji, wanaojinyoosha kwenye majani wakisubiri chai. Alicheka nao, kisha akaendelea na kazi. Hakumkunja mtu. Alimzungusha Simel vifundo vya miguu polepole, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, na tangu siku ya kwanza alimweleza kwamba haya yanasaidia dawa, hayakai mahali pa dawa. Halafu akamwambia afumbe macho apite mwilini mwake kuanzia nyayo, na kila anapofika ataje anachokikuta.

Siku mbili zilizotangulia Simel alijibu "hakuna" toka nyayo mpaka utosini. Na angekuta nini, wakati mwenyewe hayupo? Siku hiyo alipofika magotini akasema hakuna, Penina akamuuliza amekwenda wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo.

"Rudi, kaka," Penina akasema. "Sikuambii uvumilie, kuvumilia unakuweza kuliko mimi. Nakuambia uwepo. Weka mkono tumboni, vuta pumzi, uifuate inakokwenda."

Akavuta. Pumzi ilifika nusu ikakwama, na pale ilipokwama palikuwa na moto. Kawaida angeondoka. Safari hii akabaki, akaangalia, akashangaa ukubwa wake. Alimsikia baba yake akikohoa pembeni. Akajua kwamba akisema, amesema mbele ya mzee. Asiposema, huenda asipate siku nyingine ya kusema. Mkono ukapanda kutoka tumboni mpaka kifuani.

"Hapa," akasema. "Hapa panauma. Si mbili, dada. Ni kumi."

Penina hakumaliza zoezi. Alimwita daktari, ikaletwa oksijeni, ikaja sindano kali ya maumivu, akapelekwa kupigwa picha ya kifua akarudishwa. Daktari alisema mapafu yameshaguswa, ila wamewahi. Wangengoja mpaka jioni, wangekuwa wanaongea mengine.

Wauguzi walipopungua mzee Olais akasogea. Simel alitazama dari, akingoja kuambiwa kwamba ameaibisha nyumba. Mzee akamuuliza kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu alfajiri, na ingekuwa kweli.

"Tangu nilipokuwa nachunga ndama, baba."

Mzee akaketi kitandani, jambo ambalo wauguzi wanalikataza, akaushika mguu wa mwanawe uliovimba kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu wa mtu asiyejua aanzie wapi. Mguu ukauma. Simel akamwambia unauma, kisha akalia kwa sauti, mwanamume mzima wa miaka ishirini na tano, wodi nzima ikisikia, na baba yake hakumwambia anyamaze.