Ukoko wa Dereva

Kwanza niseme wazi: mimi siamini mizimu. Ni muuza mkaa, Mkristo wa kubatizwa na kipaimara, na nikisikia kitu kinachakura darini najua ni panya. Lakini nyumba ya Sindano ilinitia ubaridi kila nilipoingia, tena mchana kweupe, na sioni haya kulisema hilo.

Sindano ni fundi cherehani. Jina hilo tulimpa sisi akina mama wa jikoni kanisani, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya umbo lake, maana akigeuka ubavu humwoni. Ukikutana naye mara ya kwanza utadhani bubu; ukimzoea, mbavu zitakuuma kwa kucheka. Aliolewa na dereva wa malori, mtoto pekee wa Bibi Mwiko, na ndoa yao haikumaliza hata mwaka wa pili. Msimu mmoja wa mvua lori likakutwa limelala ubavu mtoni, mlango wa dereva uko wazi, mwenyewe hayupo. Walitafuta mpaka maji yakapungua. Walipata turubai, wakapata jerikeni, mtu hawakumpata.

Ule mlango wazi ndio uliotuponza. Ungekuwa umefungwa tungelia, tungezika hata nguo zake, maisha yakaendelea. Lakini Bibi Mwiko alisema, "Mlango haujifungui. Mwanangu alitoka." Na tangu siku hiyo mlango wa mbele wa nyumba yao, anamoishi Sindano na wakwe zake, haujatiwa komeo, unarudishwa tu. Upepo ukivuma, unafunguka wenyewe. Siku moja nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha chai, mlango ukasogea polepole. Sindano akaacha kukanyaga cherehani, mama mkwe wake akageuza uso, na jamani, hata mimi nilingoja mtu aingie. Akaingia kuku wa jirani. Hakuna aliyecheka.

Wala si wao peke yao. Kanisa zima tulijitia hamnazo. Mbele ya Bibi Mwiko hakuna mtu aliyethubutu kusema "alikuwa". Ni "Dereva anapenda pilipili," ni "Dereva anaimba besi vizuri." Kwenye kwaya nafasi yake ya mwisho wa benchi haikaliwi, na mgeni akikaa anaombwa kwa adabu asogee. Wako vijana wanaoimba pale leo ambao hawajawahi kumwona hata kwa picha, na bado wanamwachia nafasi.

Sasa Sikukuu ya Mavuno. Kila nyumba inaleta ilichojaliwa: mchele, maharage, maboga, mwenye kuku analeta kuku, na asiye na kitu analeta mikono ya kumenya. Vyote vinaishia nyuma ya kanisa kwa Bibi Mwiko, mwenye amri ya sufuria kubwa. Hapo hata mchungaji hafungui mfuniko bila ruhusa; aliwahi kujaribu, akapigwa mwiko wa vidole kama mtoto. Mkaa unatoka kwangu, vitunguu namenya mimi, na habari za mji natangaza mimi, ndiyo maana wananiita Redio.

Wali ukishapakuliwa, chini kunabaki ukoko, na watoto wanakuja na visahani wakikanyagana. Lakini ule wa katikati, mwekundu, wenye mafuta yote, Bibi Mwiko anaukwangua mwenyewe taratibu, anautia kwenye sahani, anaifunika kwa sahani nyingine. Huo ni wa Dereva. Tangu akiwa mdogo ukoko wa mavuno ulikuwa wake. Bibi anaupeleka nyumbani, anauweka mezani, anarudi kanisani kwa ibada ya jioni. Akirejea anakuta sahani tupu.

Kila mwaka hivyo hivyo. Kesho yake tukiwa tunaosha vyombo anatwambia, "Amekula." Basi, neno moja tu. Sisi tunaendelea kusugua masufuria na hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Mimi nilidhani ni paka. Lakini paka gani anafunika sahani akishakula?

Jibu nililipata mwaka huu. Mume wa Bibi Mwiko, tuliyemwita Mzee tu, alikuwa mlinzi mstaafu, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi. Ibada ya jioni hakuwa akienda, miguu, alisema. Mwanzoni mwa mwaka akaugua, na alipoona hainuki tena, akamwita mkwewe karibu na kitanda. Sindano alinieleza mwenyewe, huku akifumua pindo la gauni langu.

"Dada, ni yeye. Miaka yote Mzee ndiye anayekula ule ukoko. Anauloweka kwenye chai ndipo aumeze."

"Ala!"

"Aliniambia, 'Mwanangu, mimi najua kijana amekufa, nilijua siku ile ile. Lakini mama yako akiikuta sahani imejaa, atamfuata. Mavuno haya ubaki nyumbani wewe.'"

"Na wewe ukakubali?"

"Mgonjwa amekushika mkono hivi, machozi yanamtoka, wewe ungemjibu nini?"

Nikamshikia lile pindo aendelee kufumua. Mzee akafa wiki hiyo hiyo.

Sasa mjue kwa nini jambo hili lilinikosesha raha. Sindano ana mtu. Ni mpiga kinanda wetu, alifiwa na mke zamani, mpole mpaka anaomba radhi akikanyaga kivuli chako. Wamependana kwa heshima, mbele ya macho yetu wote, na hakuna anayewasema, hata mimi. Ila mchungaji alitoa msimamo: mama mzazi akubali kwanza kwamba mwanawe amefariki, ibada ya kumbukumbu ifanyike, ndipo afungishe ndoa. Bila hivyo, hapana. Na Sindano si msichana tena. "Nataka mtoto, dada," aliniambia bila kuzungusha, "na siku zangu zinakwisha. Nimechoka kuwa mke wa mlango." Mchungaji akaenda kumwona Bibi Mwiko, wakaongea. Bibi akamwambia, "Mavuno yapite. Nitakupa jibu."

Siku yenyewe ya Mavuno nilimvuta Sindano nyuma ya magunia ya mkaa.

"Nisikilize vizuri. Leo usile. Ukila leo, utakula na mwakani, na mwaka mwingine, mpaka uzeeke humo ndani ukimlisha mtu ambaye hayupo."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi marehemu. Marehemu hatakuja kukuuliza."

Nikajisikia nimesema maneno mabaya. Wote wawili tukageuka kutazama nyuma, kama wajinga, kulikuwa na sufuria tu na moshi.

"Sitakula," akasema mwisho. Nilimwamini.

Ibada ya jioni Sindano hakutokea. Kichwa, alituma salamu. Tulipotoka, Bibi Mwiko akanishika mkono nimsindikize, kwa kuwa tangu afiwe hatembei vizuri. Njia ilikuwa na watu wachache, jua limeshuka nyuma ya mapaa. Akaniuliza ghafla:

"Redio, hivi na wewe unaniona mimi mjinga?"

"Nani kasema, mama?"

"Mume wangu ndiye alikuwa akila ukoko wa mwanangu. Kila mwaka nakuta punje za wali chini ya kikombe chake cha chai. Mtu hana meno, anahangaika na ukoko! Nikawa naosha kikombe, nanyamaza. Nilimwonea huruma. Nikasema kama anaweza kujitesa hivyo kwa ajili yangu, na mimi naweza kusema 'Amekula.'"

Nilisimama katikati ya njia. Akanivuta tuendelee.

"Sasa leo Mzee hayupo. Sahani nimeiacha pale pale. Nikiikuta imejaa, basi nilizaa, na mto ukanizikia. Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe kwa mchungaji, ibada ifanyike, na huyu binti aolewe. Nimemkalia vya kutosha, maskini, hata mama yake mzazi asingemvumilia hivyo." Akavuta pumzi. "Na nikiikuta tupu..."

Akaukaza mkono wangu.

Mwenzangu, moyo uliniruka kwa furaha. Nilimwambia asile! Sahani imejaa, Sindano anaolewa, nami nitapika wali wa harusi! Ningeweza kumweleza Bibi palepale kwamba Mzee aliacha maagizo, lakini nikaona ya nini kumchanganya, sahani si itasema yenyewe. Tulipokata kona ndipo hofu ikaniingia. Je, kama hakunisikiliza? Nikatamani kutangulia mbio, lakini yule mama alikuwa ameuganda mkono wangu kama mtu anayevushwa maji.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Sindano alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwetu, kitambaa mbele yake, na mashine haikuwa na uzi. Hakugeuka. Sahani ipo mezani, imefunikwa. Bibi Mwiko akauachia mkono wangu, akaenda, akafunua.

Hapakuwa na punje hata moja.

Ndipo Sindano akanitazama. Macho mekundu, mdomo unang'aa mafuta. Aliniambia baadaye kwamba hakukusudia. Alikuwa amekaa anaitazama ile sahani, mlango ukafunguka kwa upepo, na kabla hajajijua akasema, "Karibu, mume wangu." Sauti yake mwenyewe ikamtisha. Akawaza yule mama anakuja njiani peke yake na mauti mawili, akamkumbuka Mzee na mkono wake, akavuta sahani, akala huku analia. Akasema ulikuwa mgumu, ulimkwaruza koo, akaumaliza.

Bibi Mwiko hakupiga kelele. Alikaa polepole kwenye kiti, akaweka kiganja ndani ya sahani kama mtoto anavyowekewa mkono kwenye paji la uso kupimwa homa. Kisha akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu lori lipotee, nilikuwa nimesahau kama anacho.

"Si Mzee," akasema. "Leo si Mzee. Ni yeye mwenyewe. Mwanangu amekuja!"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa na maneno yote tayari kwenye ulimi, ya Mzee, ya chai, ya ahadi. Sindano akatikisa kichwa kidogo sana. Nikautazama uso wa yule mama, nikashindwa. Nilimkasirikia Sindano, nikamkasirikia Mzee kaburini kwake, nikaukasirikia mto ule na mlango ule.

"Ulimwona?" Bibi akamuuliza mkwewe.

"Hapana, mama. Nilikuwa nashona, nimeelekea ukutani."

"Hakutaka kukushtua. Ndivyo alivyo." Akainuka, akaenda akaufungua mlango mpaka mwisho, akauwekea jiwe. "Redio, kesho nipitie twende kwa mchungaji, tumwambie hiyo ibada aiache. Mtu mzima anasomewaje ibada?"

"Sawa, mama," nikasema mimi. Mimi huyu huyu.

Mpiga kinanda alikuwa akifanya mazoezi kanisani, tukamsikia mpaka pale, akirudia mstari mmoja aliokuwa akiukosea. Sindano aliinamisha kichwa akasikiliza. Bibi Mwiko hakuusikia. Alikuwa amefungua sanduku la nguo za mwanawe, anazitoa moja moja na kuziinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Angalia, nondo wamezimaliza. Atavaa nini? Mshonee shati jipya, mwanangu. Lakini utampima vipi, naye haonekani?"

Sindano alichukua kibiringo cha uzi mweupe, akakipachika juu ya mashine, akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Vipimo vyake ninavyo, mama," akasema.