Bakuli Nililompa Ndama

Nakumbuka asubuhi moja pale Turwa, mwanangu, na ningependa kuisahau, ila yapo makosa ambayo Mungu humwachia mtu ili azeeke nayo. Mke wangu Bhoke alikuwa na mimba ya kwanza. Ugali ulimtapisha, uji ulimtapisha, hata moshi wa jikoni ulimtapisha. Nesi wa zahanati akaniambia nimjaribu na matunda yaliyoiva, yakatwe palepale anapotaka kula, kidogo kidogo.

Mama yangu alikuwa amekwenda Nyambureti kumuuguza dada yangu. Nyumbani tulibaki mimi, Bhoke, na baba yangu katika nyumba yake ng'ambo ya uwanja. Basi kisu nikashika mimi. Na kwetu, wakati ule, mwanaume aliyetahiriwa kushika kisu cha jikoni lilikuwa jambo la kufungia mlango. Nikaufunga.

Usicheke, kazi hiyo niliijua vizuri. Unaosha mikono, unaosha tunda kabla ya kulimenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Papai unalipasua, unakomba mbegu. Nanasi unalitoa macho yote na ule moyo wake mgumu. Ndizi ni ya mwisho kwa sababu haingoji mtu, ikikaa inakuwa nyeusi; unaikamulia limau haraka. Sukari ya nini? Tunda lililoiva lina ya kwake. Siku tatu Bhoke alikula, na chakula kikatulia tumboni.

Siku ya nne wingu la mvua lilitia giza ndani, nikatoka na bakuli uwanjani. Hapo wakapita vijana wawili wa rika langu, tuliotahiriwa pamoja, wakipeleka ng'ombe mnadani.

"Marwa, siku hizi umeolewa?" mmoja akaniuliza.

"Namkatia ndama," nikasema. "Mama yake hana maziwa."

Ili waamini, nikamwaga bakuli zima mbele ya ndama aliyekuwa amefungwa pale uwanjani. Ndama mwenyewe hakukataa. Tukacheka wote watatu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu siku hiyo ulikuwa laini kuliko papai. Dirisha lilikuwa wazi, na Bhoke alisikia kila neno.

Nilipomkatia mengine nikampelekea, aligeukia ukutani. "Mpelekee ndama wako," akasema. Hakula siku hiyo. Kesho yake hakula pia, midomo ikaanza kumpasuka, nikaingiwa na hofu ya kweli kwamba nitazika watu wawili kwa sababu ya kicheko cha njiani.

Baba akaona bakuli linatoka kama lilivyoingia, akaniuliza, nikamweleza. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mkali, na sidhani kama aliwahi kujimenyea hata ndizi. Hakunigombeza. Alibeba kigoda chake mpaka langoni, pale wanapopita wote waendao sokoni, akaagiza nimletee kisu na matunda, akaanza kukata. Alikata vibaya mno, vipande vikubwa kama vya kulisha fisi. Kila aliyepita alimpa shikamoo na kushangaa, naye akawajibu wote vilevile.

"Marahaba. Mke wa mwanangu ana mimba na hajala. Namkatia matunda."

Kwa mila zetu baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, kwa hiyo asingeweza kumpelekea. Akanitazama.

"Mura, wale uliowaogopa wamepita," akasema, akiniita kijana kwa lugha yetu. "Mkeo bado yuko ndani."

Nikachuchumaa, nikachukua kisu, nikavipunguza vile vipande palepale mbele ya watu. Mmoja wa wale wenzangu akapita, akacheka. Nikamwambia ni ya Bhoke. Akacheka tena, akaenda zake, na hakuna kilichonipungukia.

Bhoke alilitazama bakuli muda mrefu. "Ya nani?" akauliza.

"Yako. Nimekatia langoni, watu wakiona."

"Nimesikia," akasema. Akala vipande viwili vya ndizi, vikatulia. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia, mwanaume mzima. Mtoto alizaliwa salama, lakini kwa muda mrefu Bhoke alipokea bakuli kwangu bila kuniangalia usoni. Nilimkana kwa neno moja; kumrudisha kulinichukua asubuhi nyingi mno.

Ninyi vijana wa sasa mnapiga picha ya sahani na kuirusha kwenye simu, mnajiona mmeendelea. Juzi nimebisha hodi kwa kijana mmoja kule Matongo, nikaona kitambaa kinatupwa juu ya bakuli la matunda, na mkewe mjamzito akaangalia chini. Kwa hiyo nakwambia wewe pia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kazi unayomfanyia mtu unayempenda, ifanye mlango ukiwa wazi. Watakaokucheka waache wacheke, kicheko chao kitaishia kwenye kona ya barabara. Lakini aliye ndani akisikia unamwonea aibu, hatakula cha mkono wako hata akiwa na njaa.

Mungu akupe mikono isiyoona haya, mwanangu. Na yeyote akaaye ndani ya nyumba yako, alisikie jina lake likitajwa vizuri huko nje.